Bomba Namba Saba

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya chupa. Nimekunywa chai, nimevaa koti la idara ya maji, nimekwenda kuchukua sampuli za maji ya mji mzima bila kutoka nje ya ua wa ofisi.

Utaratibu ni huu, niuandike mara moja kabla sijastaafu nao. Chupa kumi na mbili, mabomba kumi na mawili ya mitaani, kila mwezi. Zamani nilizunguka kwa pikipiki ya idara. Pikipiki ikafa, mwaka wa tisa huu. Niliandika barua ya kuomba nyingine. Barua ipo kwenye faili mpaka leo, afya yake njema. Mwezi ule wa msiba wa pikipiki Mkuu wa idara akaniambia, Mzee, tumia akili. Nikatumia. Nikajaza chupa zote kwenye bomba la nyuma ya ofisi, nikabandika lebo kumi na mbili. Majibu yakatoka safi. Mkuu akafurahi, wizara ikafurahi. Mimi ni nani nivuruge furaha ya serikali?

Na lile bomba la ofisi halijaungwa hata na mabomba ya mji! Linatoka kwenye tangi, na tangi hujazwa na lori linaloleta maji ya chemchemi kutoka mlimani. Mkuu hapendi harufu ya maji ya mjini. Maji anayoyasambaza mwenyewe.

Kinachonichekesha zaidi ni namba saba. Namba saba halipo. Lilikuwa mtaani kwangu, hatua kumi kutoka mlango wangu, likafukiwa barabara ilipopanuliwa. Miaka sita liko chini ya udongo — na kila mwezi ndilo linaloongoza kwa usafi. Kweli marehemu hasemwi vibaya.

Jioni nimebeba dumu langu la maji ya ofisi hadi nyumbani, kama kawaida. Kitinda akanipokea mlangoni, mkono kiunoni. Ni kitindamimba wangu. Ana mimba ya miezi minane, amekuja kujifungulia kwangu. Mumewe yuko kazini mbali, na mama yake ndiyo hivyo, tulishamzika. Ananiuliza, Baba, mbona unajitesa na dumu kila siku? Nikasema ni mazoezi. Akacheka: mazoezi gani ya kwenda na mgongo mmoja na kurudi na mwingine?



Jumatano, 5 Machi

Macho ya fundi cherehani yamegeuka rangi. Ni jirani yangu ukuta kwa ukuta. Nilimkuta barazani, utepe wa kupimia shingoni, na macho ya njano kama utepe. Nikamtania: Fundi, leo umevaa sare? Hakujibu utani, na yeye utani ndio kwao. Akasema amechoka tu. Akilala amechoka, akiamka amechoka zaidi.

Kutoka pale hadi ofisini nimehesabu macho ya namna hiyo. Watu tisa. Wote wamenisalimu vizuri. Unaamkiwa na mtu, unainua uso, unakuta taa mbili zinakuangalia.

Na mtaa umenyamaza. Sikuelewa mwanzoni kilichopungua ni nini. Ni cherehani. Haikulia siku nzima.

Jambo jingine, dogo. Chai ya Fundi ilimwagika barazani, vijiko vitatu vya sukari, namjua. Sisimizi wakaja kwa mstari wao. Wakafika upana wa kidole kutoka kwenye chai. Wakasimama. Wakaizunguka duara zima, kama watu wanaozunguka shimo, kisha wakarudi walikotoka. Umri huu wote sijaona sisimizi akikataa sukari.

Ijumaa, 7 Machi

Tumeletewa mkemia mpya. Msichana, miwani minene, mdogo kuliko Kitinda. Aliyemtangulia alikuwa akipokea chupa zangu, anatia saini, anaendelea na gazeti. Huyu amezipima! Zote!

Aliniita maabara. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu. Amezipanga chupa dirishani, anazitazama kama mwalimu anayetazama darasa lililoibiana majibu.

"Mzee, hizi ni mtu na ndugu zake?"

Nikasema sijaelewa.

"Mitaa kumi na miwili, maji yamefanana hadi tone la mwisho. Hata mapacha mama yao huwa na pa kuwatambulia."

Nikamwambia huo ndio usawa wa serikali, mwanangu, haibagui mtaa. Hakucheka. Akauliza bomba lipi ni safi kuliko yote. Mdomo wangu, kwa mazoea ya miaka, ukajibu namba saba.

"Basi Jumatatu unipeleke nikalione."

Moyo ulishuka hadi kwenye soksi.

Jumapili, 9 Machi

Nimepanda bomba.

Siandiki fumbo. Kwenye stoo ya idara kulikuwa na kipande cha bomba la chuma na koki kuukuu. Nimevichukua asubuhi watu wakiwa ibadani, nikatafuta mahali palepale lilipokuwa namba saba, nikaanza kulichomeka ardhini kwa nyundo. Koti la idara mwilini. Ukivaa koti la serikali unaweza kuchimba hata kaburi la mtu, watakuuliza tu kama unahitaji maji ya kunywa.

Mpango: bomba lisimame, koki isitoe kitu, nimwambie Mkemia leo kuna mgao. Mgao upo siku tano kwa wiki, nani atashangaa?

Kama futi tatu chini likagonga kitu. Tang! Nikadhani jiwe. Nikapiga tena. Kile kitu kikaachia, bomba likazama shubiri nzima lenyewe, kama limevutwa. Na kwenye koki ikatoka pumzi. Ndefu, ya baridi. Yenye harufu ya chumba kilichofungwa na kitu ndani yake.

Nikafunga koki. Nikamwaga saruji shinani, nikachora 7 kwa rangi nyeupe. Saba haikuharibika. Ni namba rahisi.

Jumatatu, 10 Machi

Linatoa maji!

Tumefika na Mkemia saa tatu na nusu. Nimejiandaa na uongo wangu wa mgao, nimeufanyia mazoezi njiani. Nikakuta ndoo kumi na tano kwenye foleni na namba saba linamwaga maji meupe kama kioo. Mimi sikuliunganisha na kitu chochote. Chochote!

Mkemia akaniangalia, akasema, samahani mzee, nilidhani lebo zako ni za mezani. Akaniomba radhi. Mimi!

Bibi wa nyumba ya kona alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Mkemia akamuuliza bomba hili lina muda gani. Bibi akasema, hili? Hili halijawahi kukauka hata siku moja. Mama mwingine akadakia kwamba maji ya harusi yake mwaka jana aliyachota hapahapa. Wengine wakaitikia, ndiyo, ndiyo. Nikawatazama mmoja mmoja nikisubiri atakayecheka. Hakuna aliyecheka. Mwaka jana hapo palikuwa na changarawe na mbwa aliyependa kulala juu yake.

Miaka sita nimeandika kwamba bomba lipo. Yawezekana karatasi zimechoka kusubiri, zikaamua kulileta zenyewe.

Mkemia alijaza chupa yake mwenyewe, akaandika lebo yake mwenyewe. Mwandiko mzuri.

Jumanne, 11 Machi

Ofisini nina kitabu kimoja cha mabomba, kisicho na jalada, nilichokiokota stoo nikiwa kijana wa kufagia. Elimu yangu yote ya maji imo mle. Leo nimetafuta humo ukurasa mmoja ninaoukumbuka. Bomba lenye maji husukuma. Bomba tupu hunyonya.

Saa tano ilikuwa zamu yetu ya kukatiwa maji. Nikaenda namba saba. Hakuna mtu. Nikafungua koki, halikutoka tone. Nikaweka kiganja mdomoni mwake.

Likanyonya.

Polepole, kwa nguvu sawasawa, kama mtoto mchanga aliyelala akiwa na titi mdomoni. Nilipong'oa mkono lilifanya mlio wa busu. Kiganjani pamebaki duara jekundu mpaka sasa ninapoandika.

Basi si uchawi. Ingekuwa afadhali. Nyundo yangu imeingia kwenye shina la zamani, na shina la zamani bado limeshikana na bomba kuu. Bomba kuu nalo linapita chini ya mtaro wa maji machafu, lina umri wangu, limetoboka kama mimi. Kila wakikata maji kwa mgao, linabaki tupu, linanyonya mtaro. Kila wakifungua, linatuletea lilichonyonya. Hilo halikuanza Jumapili. Ni mji mzima, mabomba yote kumi na moja, tangu mgao uanze. Na mgao ulisainiwa mezani, kwa wino, na chupa zangu kumi na mbili zikausindikiza.

Alhamisi, 13 Machi

Majibu. Mkemia alifunga mlango wa maabara kwanza.

"Mzee, haya ni maji ya choo. Yamevaa nguo nyeupe tu."

Nikamuuliza kuhusu macho ya njano. Akasema penye uchafu huu na homa ya ini hupita humohumo. Wengi huugua, hulala wiki kadhaa, huinuka. "Isipokuwa mjamzito," akasema, anafuta miwani yake. "Miezi ya mwisho. Hao, baadhi hatuwarudishi. Mama wala mtoto."

Hajui kama nina binti. Nilisema pole, kana kwamba aliyefiwa ni yeye.

Njiani nilijituliza. Kitinda anakunywa dumu la ofisi. Nilipiga hata mluzi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekuta dumu langu barazani kwa fundi cherehani.

Nikaingia ndani. Kitinda yuko jikoni na ndoo iliyojaa. Nikauliza maji ya wapi. Akasema, ya bomba la nje hapo, Baba, hatua kumi tu. Fundi anaumwa, nimemhurumia, haya yako nampa yeye na mkewe. Toka lini? Toka Jumatatu. "Tena Baba, matamu! Yako yana ladha ya tangi."

Matamu.

Nilimwaga ndoo uani. Akashangaa, akakasirika kidogo. Kwa nini? Nikasema bomba jipya lina kutu. Akaniangalia kama anavyoniangalia nikitafuta miwani iliyo usoni. "Jipya lipi? Si wanasema lilikuwepo siku zote?"

Pale ningesema. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Nikasema achemshe. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu anayemkubalia mzee ili yaishe.

Mkemia aliniambia, nilipomuuliza kama kwa udadisi tu: homa hukaa mwilini wiki mbili, nne, hata nane, ndipo ijionyeshe. Kitinda anatarajia katikati ya Aprili.

Kila asubuhi sasa namwamkia macho kwanza. Leo meupe.

Jumatatu, 17 Machi

Kikao. Ripoti ya Mkemia ilisomwa. Niandike nilivyosikia, maana mimi ndiye niliyekuwa naandika muhtasari na huko hayakuingia.

Idara yetu: homa ni ya watu wa afya. Watu wa afya: mtaro ni wa halmashauri. Halmashauri: mtaro ulikuwepo kabla ya bomba, waulizwe wa maji. Kisha wakakubaliana wote kwa mara ya kwanza — wananchi wachemshe. Bibi wa kona anachemshia kitu gani, hilo halikuwa kwenye ajenda.

Mkuu akainuka. Miaka tisa majibu safi, akasema, miaka tisa! Leo chupa moja ya mtoto wa juzi ituvue nguo? Akaja nyuma yangu, akaniwekea mikono mabegani. "Ushahidi wetu ni mzee huyu."

Mkemia akanitazama. Hakunilaumu, hakunikonyeza. Alisubiri tu. Nikatazama dari. Lina doa la maji, lenye umbo la sikio.

Saa nane akapewa barua ya uhamisho. Barua yake haikuhitaji faili. Alinikuta ngazini, akanipa chupa aliyobakiza ya namba saba, imefungwa vizuri. "Mzee, mapacha wako wameachana." Akashuka. Shikamoo hakutoa, na sikuistahili.

Jumatano, 19 Machi

Nilikwenda na spana kung'oa bomba. Wanawake walinizunguka. Serikali imetuletea, wewe nani wa kutunyang'anya? Nikasema maji yake ni machafu. Wakacheka — machafu, na wewe mwenyewe kila mwezi unaandika ni masafi? Imebandikwa kwenye ubao wa mtaa, mzee, saini yako ile pale! Bibi wa kona akanipokonya spana, mkono mkavu, macho ya njano kabisa. "Nenda kapumzike, mwanangu. Umechoka."

Mtaro unatiririka pembeni yetu, taratibu, kama unasikiliza.

Alhamisi, 20 Machi

Fundi amepelekwa hospitali. Mkewe anasema hamtambui tena. Anamwita kwa jina la dada yake.

Mkuu kaniita. Jumamosi kuna mkutano wa hadhara hapo kwenye namba saba, watu wameanza kunong'ona. Atakunywa maji mbele yao. "Mzee, utaniandalia glasi. Bomba la kuchota unalijua." Akatabasamu.

Nimeandika barua ya kueleza yote. Kurasa mbili, pikipiki, chupa, nyundo, kiganja. Nimeisoma mara mbili. Nzuri sana. Nimeitia kwenye faili la pikipiki.

Macho ya Kitinda: meupe. Amesema hana hamu ya chakula. Miezi minane, nani ana hamu ya chakula?

Jumamosi, 22 Machi

Naandika hapa hapa mkutanoni, daftari magotini. Wanadhani ni muhtasari.

Turubai, viti vya plastiki, watu labda mia mbili. Sijawahi kusikia watu mia mbili wakinyamaza hivi. Hata watoto. Jua limewapiga usoni na nyuso zote zinarudisha rangi moja.

Kwenye begi nilikuja na chupa mbili. Ya ofisi. Na aliyoniachia Mkemia. Zote nyeupe, zote tulivu. Bila lebo hata mimi ningezichanganya. Sikuzichanganya. Nimemimina ya Mkemia. Siyo kwa ushujaa. Nilitaka angalau mtu mmoja mwenye saini ajue utamu wake.

Glasi iko mezani, mbele ya Mkuu. Imeacha duara la maji kwenye kitambaa. Sisimizi mmoja amepanda mguu wa meza, amefika kwenye duara, amelizunguka. Ameshuka.

Mkuu anahutubia. Miaka tisa, anasema. Wanapiga makofi wachache.

Nilimwambia Kitinda abaki nyumbani. Nilimwambia mara tatu! Amekuja na mke wa fundi, amemshika mkono. Wamepewa viti mbele kwa heshima ya tumbo lake. Ananipungia. Nimejaribu kumtazama macho, lakini jua liko upande wake, siwezi kujua ni jua au ni nini.

Mkuu amechukua glasi. Ameinyanyua, watu wote wanaiangalia. Anasema yeye ni mtu mzima, akinywa watasema ana tumbo la serikali. (Kicheko, kidogo.) Anasema maji salama hupimwa kwa wanyonge. Anasema anataka mama mmoja, mama mtarajiwa, aonje wa kwanza, yeye atafuata.

Anaangaza safu ya mbele. Safu ya mbele mjamzito ni mmoja.

Anashuka jukwaani na glasi. Anatembea taratibu asimwage.

Kitinda anacheka, anainuka, mkono kiunoni. Ananiangalia mimi kwanza — Baba, ninywe? Kila mtu amegeuka kunitazama. Ushahidi wao.

Nikisema ni salama, atakunywa. Nikisema si salama, wataniuliza nimejuaje, na tangu lini, na kwa nini dumu. Mkuu amesimama, mkono umenyooka. Mtaro unasikika. Nimefungua mdomo na